Masikio ya Ngina

Idah Mumbi alikuwa na kasoro moja ambayo sisi wachaguaji kahawa tuliipenda: akishika kitabu, hasikii kitu. Ungemwita, ungemtupia punje mgongoni, mtoto angelia mpaka sauti ikamkauka, naye macho yako kwenye ukurasa na midomo inakwenda. Mumewe Githinji alizoea kusema kwamba nyumba ikishika moto Idah atatoka, ila atamaliza sura kwanza. Tulimcheka sana. Kisha ikaja miaka ambayo kasoro hiyo ilimtia hofu mpaka akaviacha vitabu kabisa. Kwa kuwa nilikuwapo alipoviacha na nikawapo alipovirudia, afadhali nisimulie mimi kabla wenye midomo mirefu hawajaharibu mambo.

Naitwa Syombua. Nilizaliwa Machakos, nikaolewa na dereva wa trekta katika shamba moja la kahawa lililo kati ya Ruiru na Thika, upande wa Murera. Mwenye shamba alikuwa Mzungu asiye na unywele hata mmoja kichwani, na Wakikuyu walimwita Kihara, yaani upara, jina ambalo mwenyewe alidhani ni la heshima. Wafanyakazi tulitoka kila pembe. Wakikuyu walikuwa wengi, Wakamba tulikuwapo, na waliotoka magharibi, kama nyapara wetu Tobias, walizidi kuongezeka. Ndiyo maana ndani ya banda la kuchagulia kahawa tulizungumza Kiswahili, kila mtu na chake, na hakuna aliyemcheka mwenzake kwa sababu sote tulikosea.

Kazi ya banda ni hii. Kahawa ikishaoshwa na kukauka juani, huletwa ndani ikamwagwa kwenye meza ndefu ya mbao. Wanawake hukaa pande mbili, wakaondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizoingia weusi. Zilizo nzuri huingia kwenye debe, na jioni nyapara hupima. Ni kazi ya macho na vidole, masikio hukaa bure. Idah ndiye aliyeyapatia masikio yetu kazi. Alikuwa amesoma misheni kupita wasichana wengi wa rika lake, na siku moja, mwaka wa hamsini na moja, alileta kitabu akatusomea wakati wa kula. Alipotaka kukifunga tukamkatalia.

Kuanzia hapo tukaweka desturi yetu. Idah asome, sisi tuchague, na kila mmoja akijaza debe achote konzi moja aitie kwenye debe la Idah. Jioni debe lake lilikuwa limejaa kama la wenzake. Tobias aliona, akanyamaza, kwa sababu wanawake wanaosikiliza hadithi hawatoki nje ovyo.

Kitabu kilichotushika kuliko vyote kilikuja baadaye, na hakikuwa na jalada. Lilikuwa limeng'oka, na jina limekwenda nalo, kabla Idah hajakinunua kwa Mhindi mmoja wa Thika. Sisi tulikiita kitabu cha Zaina. Zaina ni mwanamke ambaye mdogo wake, Subira, aliibwa na wafanyabiashara wa msafara akiwa mtoto. Zaina akawazika wazazi, akatwika kibuyu cha maji kichwani, akaenda kumtafuta mji hadi mji. Tulilia naye, tulimtukana alipomwamini yule mwenye punda, na kuna mama mmoja alisusia chakula siku Zaina alipoumwa na nyoka. Mimi nilisema mapema kwamba mwandishi hawezi kumuua mtu katikati ya kitabu. Hakuna aliyenisikiliza.

Msikilizaji mkubwa kuliko wote alikuwa Ngina. Alikuwa mjane, mkubwa kwetu kwa umri, hakujaliwa watoto, na herufi hakuijua hata moja. Wasichana wa Kikuyu walimwita tata, kama shangazi, nasi wengine tukafuata. Alikaa karibu na Idah, akichagua bila kutazama vidole, mdomo wazi kidogo. Ukikohoa alikugeukia kana kwamba umemtukana mama yake.

Mwishoni mwa mwaka wa hamsini na mbili Serikali ya wakoloni ikatangaza hali ya hatari kwa sababu ya wapiganaji waliokuwa msituni. Mwanzoni tuliisikia kama mvua iliyo upande wa pili wa mto. Halafu ikafika. Laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi, zikazungushiwa seng'enge, Wakikuyu hawakuruhusiwa kutembea bila pasi, na jioni king'ora kikilia kila mtu awe ndani. Mwaka wa hamsini na nne Githinji, aliyekuwa fundi wa magari Nairobi, akazolewa katika msako mkubwa pamoja na wenzake, akapelekwa kambi ambayo hatukuijua. Idah alibaki na mtoto wa kunyonya, Macharia. Mimi Mkamba hawakunisumbua kama walivyowasumbua wao, lakini hofu haiulizi kabila. Ilikaa mezani pamoja nasi. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa neno moja walilosema, au kwa neno ambalo jirani alidai wamelisema.

Aliyechukua watu kwetu alikuwa Muigai, mkubwa wa magadi, wale walinzi wenyeji waliopewa silaha na Serikali. Nilimjua kabla hajapewa bunduki, alikuwa akiuza miwa njiani, mtu wa kawaida tu. Sasa alivaa buti za Serikali, na sisi tukajifunza mlio wake. Kulikuwa na changarawe nje ya banda, na buti zile zilisikika pale kabla mwenyewe hajaonekana.

"Nyina wa Macharia," Tobias alimwambia Idah siku moja, akimwita kwa jina la mtoto kama ilivyo heshima yao, "punguza sauti. Siku hizi watu wakikaa pamoja na mmoja anaongea, hiyo inaitwa mkutano."

"Lakini hii ni hadithi tu, nyapara."

"Mimi najua. Buti hazijui."

Akapunguza sauti. Hakuacha, na hatukumwomba aache. Naona hapo sote tulikuwa wapumbavu, lakini ndani ya lile banda ndimo pekee mtu alimoweza kusahau kidogo.

Siku yenyewe, mwaka huohuo, ilikuwa asubuhi yenye baridi, ukungu wa Julai. Zaina alikuwa ameufikia mji wa mwisho. Alisimama mbele ya nyumba yenye mlango wa buluu, na ndani akasikia sauti ya mwanamke ikiimba wimbo ambao mama yao aliwaimbia wakiwa watoto: Lala, mama kaenda mtoni. Zaina akatua kibuyu chake. Akainua mkono ili abishe.

Nikasikia changarawe. Wenzangu wote wakaisikia. Nakumbuka vidole vilivyosimama mezani, na mama mmoja aliyeziba kinywa cha mwanawe. Tukamtazama Idah, na Idah hakusikia! Alikuwa ameinama juu ya kitabu mapajani, Macharia amelala mgongoni, anasoma kwa sauti ya furaha iliyopanda bila yeye kujua. Ngina alimfinya paja. Ndipo alipoinua kichwa, akaona nyuso zetu, akakisukuma kitabu ndani ya debe lake na kukifukia kwa kahawa. Wakati uleule mlango ulifunguliwa.

Muigai alisimama pale na magadi wawili. Hakuwa ameona kitabu. Alikuwa amesikia sauti tu.

"Sauti ya nani hiyo ilikuwa inahutubia watu?"

Tobias alianza kueleza habari ya hadithi, akaambiwa afunge mdomo.

"Haya. Kama hakuna mwenye sauti, nabeba meza yote. Na watoto wenu."

Nilimwona Idah anafungua kinywa. Naapa nilimwona. Lakini hakikutoka kitu, alikuwa amekauka kabisa, na Macharia akaanza kulia mgongoni. Ngina akasimama, akijipangusa vumbi la kahawa kwenye kanga.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa nasimulia hawa hadithi ya zamani."

"Hadithi gani?"

"Ya mtu anatafuta ndugu yake."

Sijui kama lingekuwapo jibu baya zaidi katika mwaka ule, ambao kila aliyetafuta ndugu alidhaniwa anawatafuta wa msituni. Muigai akacheka, akamkamata mkono, wakatoka. Tulisikia buti na miguu mitupu ya Ngina vikienda pamoja mpaka changarawe ikaisha. Baada ya wiki tukapata habari kwamba ameingizwa kambi ya wanawake.

Kuanzia siku ile Idah hakusoma tena. Wengine walidhani ni huzuni ya kawaida, itapita. Wengine, wale wa kanisani, walisema Shetani amemziba macho, maana Jumapili alishika kitabu cha nyimbo akatikisa midomo bila kutazama. Alikula, alifanya kazi, alimlea mtoto. Ukimletea kipande cha gazeti alikiangalia kama unavyoangalia chakula ukiwa na homa. Sisi tulichagua kahawa kimya, siku zikawa ndefu kama barabara ya Garissa.

Nilimuuliza siku moja tukifua nguo.

"Wewe, Idah, umechukia vitabu?"

"Sina hamu navyo."

"Hamu ilienda wapi?"

Alikamua nguo muda mrefu. "Syombua, nikisoma sisikii. Si unajua? Siku ile nyinyi wote mlisikia, mimi peke yangu sikusikia. Sasa nikifungua ukurasa, neno la kwanza naliona, la pili masikio yanasimama. Nasikiliza nje. Nikisikiliza nje, maneno yanakuwa wadudu tu kwenye karatasi. Nikiacha kusikiliza, naogopa. Basi nimeacha yote."

"Na kitabu cha Zaina?"

"Kiko chini ya unga. Sijakigusa."

Hakukichoma, na hapo nilijua kwamba hamu haijafa yote. Lakini sikuona itakavyofufuka. Kila mtu alikuwa anasikiliza nje miaka ile. Hata mimi nilijikuta nikinyamazisha sufuria isichemke kwa kelele.

Ngina alirudi mwaka wa hamsini na saba, mchana, kwa lori lililomwaga wanawake njia panda ya Witeithie wakamalizia kwa miguu. Tulimwona akikata shamba kati ya mistari ya kahawa, mwembamba, nywele zimenyolewa, anachechemea. Tulilia, tukamkumbatia. Idah alisimama nyuma yetu. Najua alichokuwa akingojea: amengoja miaka yote ile kuulizwa kwa nini alinyamaza.

Ngina alimfikia, akamshika mabega.

"Nyina wa Macharia. Alifungua?"

"Nani, tata?"

"Ule wa ndani! Zaina alibisha, halafu? Huyo aliyekuwa anaimba ni Subira ama si Subira?"

Idah akaanza kulia. "Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sikusoma tena, tata. Tangu siku ile."

Sijawahi kumwona Ngina amekasirika vile, wala kabla wala baada. Alimwachilia mabega kama kitu cha moto.

"Ngai! Kitabu iko kwako miaka hii yote na hukuangalia? Unajua mimi nimekaa wapi? Kule tulikuwa tunabeba mawe mchana, tukirudi wanawake wananiambia, Ngina, tupatie ile ya Zaina. Nikawapa. Mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka wakaijua kuliko mimi. Kila mara tunafika kwa mlango. Wanasema, endelea. Nasema, siwezi kuwadanganya, mwisho sikusikia, mwisho iko na mtu. Wakaniuliza nani. Nikakataa kusema. Nilikuwa najiambia, heri yeye, angalau yeye anajua!"

Ngina hakusema neno lolote la kipigo alichopigwa, wala la mguu wake. Hasira yake yote ilikuwa ya mlango ule, na nadhani kwa Idah ilikuwa nzito kuliko lawama aliyoitazamia. Idah alikwenda nyumbani akijifunika uso.

Siku mbili Ngina alinuna. Jumapili mchana akaja kwangu, akaniomba nimweleze kwa nini Idah aliacha kusoma. Nikamweleza kama Idah alivyonieleza tukifua nguo. Alinisikiliza akichuna ngozi ngumu ya kiganja.

"Kwani shida ni masikio tu?" akauliza.

"Ni hofu, tata."

"Hofu yake inakaa kwa masikio. Twende."

Tulimkuta Idah anapepeta maharagwe. Ngina hakupiga hodi wala kusalimia. Alichukua kigoda, akakiweka nje ya mlango, akaketi akielekea njia ya kutoka kwa magadi.

"Toa hiyo kitabu kwa unga," akasema bila kugeuka. "Soma. Masikio nitashika mimi."

"Tata, siwezi."

"Kambini nilijifunza kusikia buti kabla hazijavaliwa. Buti ikitoka kule juu, nitakohoa. Mimi nisipokohoa, hakuna mtu. Usisikilize nje, nje ni yangu. Wewe kaa ndani ya kitabu."

Idah alikitoa. Kilikuwa na unga mpaka kwenye mishono. Alikifungua, akapangusa ukurasa wa kwanza kwa kiganja. Alisoma mstari mmoja, akainua kichwa kama kuku anywaye maji. Ngina, akiwa nje, akasema, "Sijakohoa." Akasoma mwingine, akainua. "Sijakohoa." Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kulima. Siku ile hakumaliza hata ukurasa wa kwanza. Walianza mwanzo kabisa, maana Ngina alikataa waanzie penye mlango wa buluu. Alisema Zaina ametembea sana kwa miguu, na wao waje naye kutoka kwao.

Jumapili iliyofuata ikawa kurasa kadhaa. Iliyofuata tena, Idah alichelewa kidogo kuinua kichwa. Hofu ilikuwapo. Gari la polisi lilipopita barabarani alikifukia kitabu chini ya maharagwe na ikabidi tumsubiri mpaka apumue. Mara moja Ngina alikohoa kweli, kwa sababu ya moshi, na Idah akatoka kwa mlango wa nyuma akakimbia mpaka kwenye migomba. Tulimrudisha akiwa amepoteza rangi. Ngina aliomba msamaha, na tangu hapo akawa anabana kikohozi chake mpaka machozi yanamtoka.

Halafu ikaja Jumapili ya githeri, chakula cha mahindi na maharagwe. Idah alikuwa amebandika sufuria, akakaa na kitabu, Ngina nje kwenye kigoda, mimi kando namsuka mtoto wangu. Nilisikia harufu. Mahindi yakaanza kuungua, moshi ukatambaa mpaka mlangoni, Macharia akaja kulia kwamba chakula kimeharibika. Idah hakusikia! Ameinama, midomo inakwenda bila sauti. Nilitaka kuruka niiokoe ile sufuria, Ngina akanishika nguo.

"Iache iungue," akaninong'oneza. Machozi yalikuwa yanamshuka, na safari hii moshi haukuhusika.

Usiku huo tulikula ugali kwa chumvi, sote pamoja, na sijui lini tena nimeshiba vile.

Idah akarudi kusoma bandani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua. Tobias alishika kichwa, akasema hali ya hatari haijaisha, kisha akaenda kusimama mbali ili asionekane kwamba ameruhusu. Konzi zikarudi. Wasichana wapya walielezwa habari ya mwanzo, na siku kwa siku Zaina akaumwa na nyoka, akapona, akadanganywa na mwenye punda, akatukanwa upya. Tulipokaribia mji wa mwisho hakuna aliyekosa kuja kazini, hata mwenye homa.

Asubuhi ile Ngina alikaa kwenye ncha ya benchi, karibu na mlango, sikio nje. Idah akasoma: mlango wa buluu. Wimbo. Kibuyu kikatuliwa.

Ngina akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kilekile cha makubaliano, kifupi, kikavu, na baada yake tukasikia changarawe. Nilimtazama Idah. Safari hii alikuwa amesikia, niliona macho yake yakikimbilia mlangoni. Debe lilikuwa wazi mbele yake. Angeweza kukifukia. Badala yake akarudisha macho kwenye ukurasa, akasoma kwa sauti: "Zaina akainua mkono, akabisha hodi."

Mlango ukafunguliwa. Muigai alikuwa amenenepa, na buti zilikuwa zilezile.

"Tena? Sauti ya nani hii?"

Ngina akaanza kuinuka. Nilimwona, yule mwanamke mwenye mguu mbovu, anaweka mikono mezani ajisukume juu. Idah akamkandamiza bega.

"Ni yangu," akasema. "Mimi ndiye ninasoma."

"Unasoma nini?"

"Kitabu cha hadithi. Hiki hapa."

Muigai akakichukua, akakipindua, akatafuta jina. Kitabu kisicho na jina kilimtia wasiwasi kuliko chenye jina baya. Akamwambia Idah atangulie. Hatukusikia Idah akilia. Alimkabidhi Ngina mtoto, akatoka, na tukasikia tena mlio ule, buti na miguu mitupu, mpaka changarawe ikaisha.

Siku ile sikuona punje hata moja. Tulichagua tu, nzuri na mbovu pamoja, mpaka Tobias akatuambia twende nyumbani. Ngina alikaa na Macharia mapajani, amekodoa macho njiani, akirudia, "Nilikohoa. Si nilikohoa?" Tukamwambia alikohoa. Alikuwa anaogopa kwamba masikio yake yamechelewa, kwamba amemuua mwenzake. Nami niliogopa hivyo hivyo.

Idah alirudi jioni, kabla ya king'ora. Mzungu kijana wa kituo alikuwa amekipekua kitabu, akamtafuta mtu wa kumtafsiria, akacheka, akakitupa kwenye rundo la vitu vilivyokamatwa. Adhabu ikawa kuchimba murramu, ule udongo mwekundu wa kujengea barabara, wiki nzima bila ujira. Alichimba. Viganja vilipasuka hata hakuweza kushika punje.

Aliporudi bandani alikaa mahali pake, mikono imefungwa vitambaa, mapajani hakuna kitu. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Kitabu kimekwenda, na mlango umebaki umefungwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kata tamaa na Zaina. Ngina alikuwa ameinamia kahawa yake.

"Tata," Idah akasema, "unakumbuka ile githeri iliungua?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nimeruka mbele. Nilishindwa kungoja. Nilisoma mpaka mwisho."

Ngina akainua uso polepole.

"Haiya! Na hukusema?"

"Nilitaka usikie kutoka kwa kitabu. Sasa kitabu hakuna, utasikia kutoka kwangu."

Akatusimulia. Zaina alibisha hodi, na wimbo ndani ukakatika. Hakuna aliyejibu. Akabisha tena. Sauti ikauliza, nani? Zaina akajibu, ni mimi. Sauti ikasema: wote wanaobisha husema ni mimi, na aliyenichukua kwa mama yangu alisema hivyo hivyo. Zaina akaketi chini mlangoni, akafikiri aseme nini cha kuaminiwa, akakosa. Basi akaimba. Wa ndani alikuwa amekatia kwenye Lala, mama kaenda mtoni. Zaina akaimba mstari wa pili, ambao hakuna aliyeujua duniani ila watoto wawili wa nyumba moja: Atarudi na mwezi mtungini. Akasikia komeo likivutwa.

Ngina alipiga meza kwa kiganja, punje zikaruka. "Nilijua!" akasema. "Nilijua yuko ndani!" Kisha akajifunika uso kwa kanga, akakaa hivyo mpaka saa ya kula, nasi tukamjazia debe lake.

Idah hakukipata tena kitabu kile. Kila alipopata pasi ya kwenda Thika aliingia kwa Mhindi na kuuliza kitabu cha mwanamke anayebisha mlango. Mhindi hakukijua, akampa kingine. Naye hakurudi mikono mitupu hata siku moja, na ndivyo tulivyosomewa vitabu vingi mpaka sikumbuki vyote. Githinji aliporudi kutoka kambini mwaka wa hamsini na nane, kimya na mwenye mvi, jambo la kwanza lililomchekesha lilikuwa chungu kilichoungua.

Mwaka wa hamsini na tisa, mchana wa jua, mwanamke tusiyemjua alifika bandani na furushi kichwani. Nywele zake zilikuwa fupi. Viatu hakuwa navyo, na vumbi lilimfika magotini. Alisema ametoka njia ya Nyeri, ameachiliwa kambini, na kabla ya kwenda kwao amepita kumtafuta mtu anayeitwa Ngina. Ngina alimtambua, akapiga yowe.

Yule mgeni hakuketi, na maji tuliyompa hakuyanywa.

"Nimekuja kuuliza tu," akasema. "Alifungua?"

Ngina akageuka kwa Idah. Idah alikuwa ameinama juu ya kitabu kipya, anakiandalia sauti, hakusikia kitu. Ngina akamgusa bega.

"Nyina wa Macharia, toka huko ndani kidogo. Kuna mtu ametembea."

Idah akainua kichwa, akamwona mgeni, akaelewa. "Keti kwanza, mama. Nitakuanzia pale kwenye mlango."

"Hapana," yule mwanamke akasema, bado amesimama na mzigo wake. "Niambie kwanza."

"Alifungua," akasema Idah.

Yule mwanamke akatua furushi.